Sista wa Kifua na Karatasi ya Majina

Sista hakumsalimu mtu kwa kumtazama usoni. Macho yake yalishuka kwanza kifuani, yakakaa hapo kwa pumzi mbili tatu, ndipo yakapanda juu na mkono ukatolewa. Wanawake waliokutana naye mara ya kwanza walikasirika, wanaume wakafikiria mambo yao, kumbe mwenyewe anahesabu tu unavyohema. Nilimwona akimfanyia hivyo chifu. Nilimwona akimfanyia hivyo imamu wetu wa mjini Maua, tena mbele ya msikiti. Ukiwa na pumzi fupi hukuulizwa habari za nyumbani. Uliulizwa, "Hiyo kikohozi iko na wiki ngapi?"

Muuguzi huyu tulimwita Sista wa Kifua kwa sababu chumba chake pale kituo cha afya kilikuwa cha wagonjwa wa kifua kikuu peke yao, nyuma kabisa, karibu na tangi la maji. Beji yake aliivaa kinyume ili jina lisisomeke. Mimi nililijua baadaye na sitaliandika, maana hakupenda. "Jina yangu itakusaidia na nini?" aliniambia nilipomwuliza. "Wewe leta yako, na ya wale unalala nao, na ya wale unakaa nao." Huyo ndiye mtu aliyeishi kwa kukusanya majina ya watu, na lake akaligeuza lielekee kwenye nguo.

Tabia yake ya pili ilikuwa madirisha. Akiingia nyumba yoyote, kabla hajakaribishwa kiti, alikwenda dirishani akafungua. Kwenye harusi ya binamu yangu kule Maua alialikwa na mama yangu kwa heshima zote, akaketi na wanawake ndani ya hema, na baada ya dakika tano tukaona ubavu mzima wa hema unapanda juu. Sista amesimama kwenye kiti, anafunga turubai kwa mtandio wa mtu. Mama yangu, ambaye alizaliwa mjini na hujivunia Kiswahili chake, alisema, "Mwanamke huyu ana moyo mzuri, lakini upepo umemroga."

Alikuwa na somo moja tu na alilitoa popote, hata kwenye foleni ya unga. "Wadudu ya hii ugonjwa haitembei kwa kikombe," alisema. "Inapanda hewa. Mtu akikohoa inatoka. Akiimba inatoka. Hata akicheka. Kama nyumba imefungwa, inakaa hapo masaa ikingoja mwenye atavuta. Ukifungua dirisha inaenda. Jua ikiipata inakufa. Sasa niambie, mwenye amefunga dirisha amefungia nani nje?"

Shida ni kwamba kazi yetu ilikuwa adui wa dirisha. Mimi wakati huo nilifunga vitita vya miraa ya kutafuna katika stoo moja pale Kangeta, mali ya mjomba wa mke wangu. Asiyejua miraa hawezi kuelewa. Kitita kikipigwa na upepo kwa muda mfupi tu kinanyauka, na mnunuzi akikishika anakitupa bila kukuangalia mara ya pili. Ndiyo maana tunakifunga kwa majani ya migomba, na ndiyo maana stoo yetu ilikuwa na madirisha mawili yaliyopigwa misumari na kuzibwa kwa magunia. Mlango ulifunguliwa mtu akiingia na kufungwa mara moja. Tulikuwa watu kumi na wawili, magoti kwa magoti kwenye mabenchi ya mbao, tukichambua, tukifunga, tukitaniana na kuimba ili usingizi usituchukue. Jirani yangu wa benchi aliitwa Mutuma. Ndiye aliyenifundisha kufunga. Mimi mtoto wa dereva, niliyekulia ndani ya pikapu ya baba, sikujua hata jani la mgomba linakunjwa kutoka upande gani, na yeye alinivumilia mwezi mzima bila kunicheka mbele za watu. Nyuma yangu alinicheka sana.

Nilianza kukohoa msimu wa baridi. Nikasema ni vumbi la majani. Nikaanza kutoka jasho usiku hadi shuka inakamuliwa, nikasema ni blanketi nzito. Mshipi wa suruali nikautoboa tundu jipya, kisha jingine, nikasema ni mawazo. Mtu mzima anaweza kujidanganya hivi kwa miezi miwili na akajiona mwerevu. Siku nilipoona damu kwenye leso ndipo nilipokwenda kwa Sista, na hata hapo nilimwambia nimesindikiza mtu.

Alitazama kifua changu akanipa kikopo cha plastiki chenye kifuniko. "Usikoholee kwa chumba yangu. Enda hapo nje kwa jua, nyuma ya tangi. Vuta hewa mpaka chini kabisa, alafu utoe ile ya ndani. Sitaki mate. Mate niko nayo yangu." Yeye mwenyewe alisimama upande ule upepo unakotoka, mikono kiunoni, akinisimamia. Kesho yake majibu yakaja. Hakunipa pole. Alivuta kiti, akachukua karatasi, akaandika namba moja hadi kumi na tano pembeni, akaniambia, "Baba Halima, haya. Majina."

Hiyo karatasi ndiyo ninayoiandikia habari hii. Kila mgonjwa alijaza ya kwake. Sista alitaka jina la kila mtu aliyevuta hewa moja na wewe ndani ya kuta nne kwa miezi mitatu iliyopita, ili awafuate mmoja mmoja, awapime, na walio wazima wabaki wazima. Nikamtajia mama yangu. Nikamtajia mke wangu. Nikamtajia Halima, binti yetu, aliyekuwa na miaka minne. Kisha nikasema ni hao tu.

"Kazini?" aliuliza.

"Nafanyia nje," nikasema. "Napakia gari."

Nilisema uongo huo nikiwa na akili zangu timamu. Sista angefika stoo siku hiyo hiyo, angeng'oa magunia, angewapanga wenzangu nje kwa mstari na vikopo mkononi, na kabla ya jioni soko lote la Kangeta lingesema miraa ya stoo ile ina kifua kikuu. Miraa haibebi ugonjwa huu, Sista alikuwa amelisema hilo mara mia, lakini nani angesikiliza? Mjomba angefunga. Watu kumi na mmoja wangerudi makwao wakijua ni mimi niliyewataja. Na ndoa yangu ilikuwa inategemea radhi ya mjomba yule. Kwa hiyo karatasi ikabaki na majina matatu, na mistari kumi na miwili mitupu. Sista aliitazama kwa muda, akaikunja. "Ukikumbuka mwingine, utaniambia," alisema. Hakuniuliza tena. Niliondoka nikifikiri nimepona kwenye mtego, nikashukuru.

Nyumbani mama yangu alichukua ugonjwa huu kama vita vya vyombo. Alitenga kikombe changu, sahani yangu na kijiko changu, akavipaka alama ya rangi ya kucha, akavichemsha kila siku hadi kikombe kikapasuka. Kisha akahamia chumbani kwangu ili aniuguze vizuri, akaziba dirisha kwa blanketi ili baridi isinipige kifuani. Halima alilala katikati yetu. Sista alipokuja kututembelea na kuona kikombe chenye alama nyekundu na dirisha lililovaa blanketi, alicheka mpaka akakaa chini sakafuni. Halafu akaacha kucheka. Akang'oa blanketi, akamchukua Halima kwenye mapaja yake, akamtazama kifua kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kumtazama mtu.

"Mama," alimwambia mama yangu, "umeosha kikombe vizuri sana. Sasa tuoshe hewa."

Halima alikutwa mzima. Alipewa dawa za kumkinga, akazimeza akidhani ni peremende mbaya, na hadi leo ana kifua cha mpiga tarumbeta. Mama na mke wangu nao walikuwa salama. Hilo namshukuru Mungu, na namshukuru Sista, na shukrani hiyo ndiyo inayonikaba.

Matibabu yalikuwa miezi sita. Wiki za mwanzo nilikaa chumba changu peke yangu, dirisha wazi mchana na usiku, nikila nikiwa nimeangalia ukuta. Nilihesabu mabati ya jirani. Nilijua saa ngapi ng'ombe wake atakohoa. Wenzangu walituma salamu kwa simu, na Mutuma alikuja akasimama nje ya dirisha akiniambia habari za stoo, nikamfukuza kwa ukali bila kumwambia kwa nini. Nilimwambia, "Nina homa mbaya, nenda." Alikwenda. Nilimsikia akikohoa akielekea barabarani, nikavuta shuka hadi masikioni.

Baadaye nikaruhusiwa kutoka, na kila asubuhi nikawa natembea hadi chumba cha nyuma, karibu na tangi. "Weka kwa mdomo. Maji. Meza. Fungua. Ulimi juu." Alichungulia kinywani mwangu kila siku, Jumapili na sikukuu. Kwa dawa hizo mkojo wangu ulikuwa rangi ya soda ya machungwa na viungo viliniuma. Mwezi wa pili nilipata nguvu, nikanenepa, nikamwambia nimepona na nataka kuacha. Hapo ndipo nilipoona hasira yake. "Miezi mbili ya kwanza inakupatia nguvu ya kukimbia," alisema. "Ile nne inabaki ndio inamaliza wadudu wale wamejificha. Ukiacha sasa, wale watabaki ndio wale ngumu, na hao hata mimi sina dawa yao kwa hii kabati." Nikameza.

Nisije nikamchora malaika. Sista aliogopa sindano kuliko mtoto. Siku wahudumu walipochanjwa alijifungia stoo ya madawa mpaka wenzake wakamtoa kwa kumwahidi mandazi, na akadungwa akiwa amefumba macho na kushika mkono wa mlinzi. Aliwatukana wanywa pombe wanaokosa dawa, matusi ya Kimeru ambayo sithubutu kuyatafsiri, kisha jioni ukamkuta anawapelekea ndizi za kuchemsha ndani ya sufuria iliyofunikwa kwa gazeti, akiapa ametumwa na mtu. Aliwakataza watu kusema uongo, lakini barua alizowaandikia waajiri zilikuwa za uongo mtupu: huyu ana mgongo, huyu ana vidonda vya tumbo. "Nikiandika ukweli atafutwa," alisema, "na akifutwa hatakula, na asipokula hii dawa itamuangusha." Nilimpenda kwa barua hizo. Nilifikiri basi na yeye anaelewa kwamba kuna wakati mtu hana njia.

Mwezi wa nne nilichoka. Nilimwambia kwamba mimi ni mfungwa wake, kwamba mwizi wa kuku anapata kifungo kifupi kuliko changu. Aliweka chini boksi la dawa.

"Usiongee juu ya jela na mimi," alisema.

Nikafikiri amekasirika, kumbe alikuwa anataka kusimulia. Zamani, akiwa kituo kingine ambacho hakukitaja nami sikukiuliza, kulikuwa na mwanamume aliyekatiza dawa mara tatu. Alimfuata hadi kwao, akamkosa. Akaandika barua, ikapelekwa polisi, yule mtu akakamatwa ili alazimishwe kumeza na asiwaambukize wengine. Wakamweka selo. Sista alikwenda kumpelekea dawa kesho yake, akafunguliwa mlango.

"Selo iko na tundu moja hapa juu, kama ya kupitisha paka," alisema akionyesha kwa viganja. "Ndani ni yeye na watu kumi na moja. Kumi na moja, Baba Halima. Wamelala kama ndizi kwa gunia. Na yeye anakohoa katikati. Barua ni yangu. Nimemfunga asiambukize watu, nimemfunga na watu."

"Ukafanyaje?"

"Nilifanya nini? Nilisimama hapo. Nilirudi siku ya tatu na vikopo, wakaniambia wengine wameshaachiliwa, hakuna mwenye anajua majina yao." Akachukua tena boksi la dawa. "Kutoka hiyo siku sijawahi sukuma mtu. Nauliza mara moja. Mtu akifungua mdomo mwenyewe, sawa. Nikimfungua kwa nguvu, sijui nini itatoka."

Ningeweza kusema hapo. Mlango ulikuwa wazi, dirisha wazi, tulikuwa wawili tu. Jina la Mutuma lilifika hadi kwenye ulimi ambao Sista aliuchungulia kila asubuhi, nami nikaomba maji.

Nilimaliza dawa. Siku ya mwisho alinipigia makofi peke yake, akaniandikia cheti cha kupona kwa mwandiko wa mtoto wa shule. Nilikuwa nimesharudi stoo. Mutuma alikuwa bado kwenye benchi, amekonda, anakohoa kwenye kiwiko, anakunywa dawa ya maji ya dukani chupa baada ya chupa. Nilimwambia aende kwa Sista. Nakumbuka nilimwambia mara mbili. Alisema ni vumbi la majani, maneno yale yale niliyotumia mimi, na mimi niliyejua vizuri nikamwacha nayo, kwa sababu kumweleza kwamba si vumbi kulitaka nianze na habari yangu mwenyewe. Pale stoo walijua nilikuwa na homa ya mapafu. Barua ya Sista, aliyoiandika bila kutaja mwajiri, ndiyo iliyosema hivyo.

Alipopelekwa hospitali kubwa alibebwa. Hakurudi.

Siwezi kuapa kwamba ugonjwa ulitoka kwangu kwenda kwake. Labda ulitoka kwake kuja kwangu, labda tuliupata wote kwa mtu wa tatu aliyeimba vizuri. Ila hili naweza kuliapia: kama jina lake lingekuwa namba nne kwenye karatasi ile, angepimwa wiki ile ile, akiwa bado ana nguvu za kunicheka.

Sista alikuja mazishini. Alitazama vifua vya waombolezaji wote, akasubiri watu wapungue, akamchukua mjane na watoto wawili akawapima. Mdogo alikuwa ameanza ugonjwa. Alimtibu miezi sita, akamfuata nyumbani kwa miguu mvua zilipokata barabara, na mtoto akapona. Mimi nilisimama karibu na migomba nikingoja anitazame. Hakunitazama. Stoo ilipimwa yote baada ya hapo, wawili wakakutwa, magunia yakang'olewa. Soko likasema wiki mbili, likasahau. Yale yote niliyoyaogopa yalikuwa ya wiki mbili.

Mjane wa Mutuma siku hizi anauza majani ya migomba kwa wenye stoo. Nilitoa mchango mkubwa wakati wa mazishi, kuliko ndugu zake, na mbao za jeneza nilizibeba kwa pikapu ya baba. Kila tukikutana anaishika mikono yangu yote miwili. "Baba Halima," anasema, "Mutuma alikuwa na marafiki wengi wa kutafuna na yeye, lakini rafiki ni wewe." Niliacha miraa. Watu wanadhani ni dini. Nikaanza kupakia ndizi Mitunguu na kuzipeleka Embu, na nikapanga siku zangu za kupita Kangeta ziwe chache.

Mwaka jana, nikishusha ndizi Runyenjes, njiani kwenda Embu, nilisikia mtu nyuma yangu anasema, "Hiyo mgongo yako inahema vizuri." Nikajua bila kugeuka. Sista alikuwa amestaafu, anaishi huko na dada yake kwenye shamba dogo la kahawa. Amevaa gambuti, amepungua, nywele nyeupe zote. Alinilazimisha nipande naye hadi nyumbani kwake ninywe chai. Tukaketi jikoni, moshi ukitoka dirishani, na kwa mara ya kwanza nikamwona akikaa bila kuinuka kufungua kitu.

Sikunywa chai. Nilisema, "Sista, kuna jina sikukupa."

"Mutuma," akasema.

Alilisema haraka sana, kama mtu aliyekuwa ameliweka mdomoni siku zote hizo. Niliuliza alijua lini kwamba nilidanganya.

"Hiyo siku ya kwanza. Vidole yako ilikuwa nyeusi na utomvu ya migomba. Mtu wa kupakia gari hana hiyo. Wiki hiyo hiyo niliuliza watu, nikatembea mpaka stoo yenu. Nilifika kwa mlango. Imefungwa. Wenzako wanaimba huko ndani, wewe hauko, uko kwa nyumba unameza dawa yangu. Nikasikia mtu anakohoa. Nilisimama hapo mpaka miguu ikachoka."

"Kwa nini hukubisha?"

"Nilikuwa nangoja wewe uniambie." Alikuwa ameshika kikombe lakini hanywi. "Nilisema nisisukume mtu. Kila asubuhi nikiangalia hiyo mdomo yako nasema, leo ataitoa hiyo jina. Nikangoja. Nikangoja mpaka nikasikia amebebwa."

"Mimi nilikuwa nangoja uniulize mara ya pili," nikasema.

Nilitaka anitukane yale matusi yake ya Kimeru, na nafikiri na yeye alitaka nimtukane, na hakuna aliyempa mwenzake hicho. Nje dada yake alikuwa anaita kuku. Nilikuwa nimekwenda pale kwa ajili ya kutua mzigo, na sasa tulikuwa wawili chini yake.

"Mama ya watoto wa Mutuma anakuona?" akauliza baadaye.

"Sokoni. Ananishika mikono, ananiambia mimi ndiye rafiki."

"Mimi ananipigia kila Krismasi," alisema Sista. "Anaweka huyo mdogo kwa simu aniambie asante kwa kumponya. Ameanza kuongea na sauti ya baba yake."

"Unamwambiaje?"

Alitazama kifua changu, muda mrefu, kisha akatazama chini.

"Namwambia karibu," akasema. "Na wewe, ukishikwa mikono?"

"Namwambia asante."